Kijana wako ana miaka mingapi Enugu inapoanguka?

Ukitaka kuandika riwaya ya kijana anayepevuka katika vita vya Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga, acha kwanza sura ya kwanza. Chukua karatasi, chora safu tatu: tarehe, umri wa mhusika, na mahali familia yake inapolala. Biafra ilitangazwa 30 Mei 1967, mapigano yakaanza Julai 6, Enugu, mji mkuu wake, ikaanguka mwanzoni mwa Oktoba, Port Harcourt Mei 1968, Umuahia Aprili 1969, na vita vikaisha Januari 1970. Ni miezi 30 tu. Aliyeanza na miaka 12 anamaliza na 14 au 15, kwa hiyo akianza kuchambua siasa kama mhadhiri kufikia sura ya sita, umempoteza.

Mvulana wa miaka 13 anafaa zaidi. Vita vikielekea mwisho, wasaka vijana wa kuandikishwa jeshini wanapita njiani, na urefu wake unaanza kumtisha mama yake. Hofu hiyo inabeba hadithi kuliko milio ya mizinga.

Kila mji unapoanguka, andika mambo matatu kabla ya kuandika tukio: redio inasema nini, watu wazima wananong'ona nini, na kijana anaona nini barabarani. Redio Biafra ilisifu ushindi huku wakimbizi wakimiminika na magodoro kichwani. Siku atakapoacha kuiamini redio bila kuambiwa na mtu, hapo amekua. Habari ya Tanzania kuitambua Biafra, Aprili 1968, nchi ya kwanza kufanya hivyo, ipite hapohapo, kama shangwe za jirani mwenye redio. Najua utatamani kumwekea Nyerere kurasa mbili. Jizuie.

Njaa ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi. Wengi huchora mifupa mitupu. Bandari ya Port Harcourt ilipopotea, chumvi na samaki viliadimika, na mtu aliyebaki na muhogo peke yake alikosa protini. Kwashakoo huvimbisha miguu na tumbo, na nywele hugeuka nyekundu-nyekundu. Mgeni anaweza kudhani mtoto ameshiba. Chumvi nayo ikupe mhusika: wanawake walivuka mstari wa mapigano kwenda kuinunua upande wa pili, biashara waliyoiita *afia attack*. Shangazi mmoja wa namna hiyo anatosha.

Ndege za misaada zilitua usiku kwenye uwanja wa Uli, ndani ya Biafra, taa za uwanja zikiwashwa kwa muda mfupi tu ndege inapokaribia. Ukizitua mchana, anayeijua historia hiyo atafunga kitabu.

Usikomee kwenye kusalimu amri. Baada ya vita, wengi waliokuwa na akiba benki walilipwa pauni 20 tu, hata kama waliweka maelfu. Mwonyeshe baba akipeleka pesa benki tangu sura ya pili, kijana akiwa kwenye foleni naye. Vinginevyo pauni 20 zitasomeka kama taarifa ya habari.