Maswali na majibu: Mbona tiketi zilizofutwa zinasema "Imesafiri"?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Natengeneza programu ya tiketi za boti za Mokowe na Kizingitini kwa lugha ya C#. Hali za tiketi nimeziweka kwenye enamu (orodha ya majina ambayo programu huyahesabu 0, 1, 2 na kuendelea): Imewekwa, Imelipwa, Imesafiri, Imefutwa. Kusi lilipochachamaa na safari zikasogezwa, nikaongeza Imeahirishwa baada ya Imelipwa. Sasa abiria walioshuka Kizingitini zamani wanaonekana wameahirishwa, na tiketi zilizofutwa zinasema Imesafiri. Fundi mmoja ameniambia nitoe amri moja tu kwenye hifadhidata: kila thamani kuanzia 2 iongezwe 1. Nifanye hivyo? (Kijana wa Mokowe)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiitoe amri hiyo. Ikiwa umeshaitoa, rudisha nakala ya hifadhidata iliyotangulia, kisha ndipo uendelee kusoma.

Huyo fundi wako amesahau kwamba tangu ulipobadilisha orodha, watu wameendelea kukata tiketi. Rekodi za kabla ya siku ile zenye 2 zina maana ya Imesafiri. Za baada yake zenye 2 zimeahirishwa kweli. Ukiongeza 1 kwa zote, zilizoahirishwa zitageuka Imesafiri, na abiria anayedai safari yake ataambiwa ameshafika.

Funga mauzo kwanza, uweke nakala. Kisha zitenge rekodi kwa wakati zilipobadilishwa mara ya mwisho. Usitumie tarehe ya kununua, kwani tiketi iliyonunuliwa zamani yaweza kuwa imefutwa jana. Kama hukuhifadhi wakati huo, huna budi kulinganisha na orodha za abiria walizonazo manahodha, tiketi kwa tiketi. Ni kazi ya kuchosha, lakini haina badala.

Mimi ningerudisha nambari za asili, maana ripoti na simu za mawakala zenye toleo la zamani zinazijua hizo. Andika waziwazi: Imewekwa = 0, Imelipwa = 1, Imesafiri = 2, Imefutwa = 3, Imeahirishwa = 4. Halafu kwa rekodi zilizobadilishwa baada ya siku ile peke yake, 2 iwe 4, 3 iwe 2, 4 iwe 3. Fanya yote katika UPDATE moja (amri ya kubadilisha rekodi) yenye CASE (sharti linalochagua thamani mpya ya kila rekodi). Ukizitoa amri tatu kwa kufuatana, zile 2 ulizozifanya 4 zitakumbwa na amri ya tatu ziwe 3, na safari zilizoahirishwa zitahesabiwa zimefutwa.

Linaloniudhi ni kwamba sipitishi mwezi bila kuletewa shida hii hii. Vijana wanafundishwa na video za saa moja kwamba enamu ni orodha ya majina, basi. Majina ni ya macho yetu. Usipoamua vingine, C# huhesabu kuanzia 0, na kinachoingia kwenye hifadhidata ni nambari. Ni kama nahodha aliyeandika viti bila majina: abiria mmoja akiingia katikati, wote husogea, na daftari halijui nani ni nani. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, nayo hainung'uniki, kwa sababu kwake hakuna kosa.

Wa Java wasijione wamesalimika. JPA, njia ya Java ya kuweka data kwenye hifadhidata, huhifadhi nafasi ya jina katika orodha ya enamu usipoiagiza ihifadhi jina lenyewe, na maelezo rasmi ya Java yanasema waandishi wengi wa programu hawatakuwa na haja na ordinal(), inayotoa nafasi hiyo. Hata hivyo naikuta kila mahali. Kuna pia wanaopanga majina kwa alfabeti ili yapendeze! Kuhifadhi maandishi hukuepusha na hayo, ila jina ukilibadilisha baadaye, rekodi za zamani hazitasomeka.

Na msidhani enamu hukataa nambari ngeni. Katika C#, 57 ikigeuzwa kuwa hali ya tiketi hupita kimya, ingawa haimo katika orodha. Ikague kwa Enum.IsDefined kila inapoingia kutoka nje ya programu. Sifuri nayo iachie "Haijulikani" katika kazi mpya, kwa kuwa sehemu ambayo hukuijaza huwa 0. Kwako, tiketi ambayo msimbo umesahau kuiwekea hali inasoma Imewekwa, na kiti kinashikiliwa hali hakuna aliyekiomba. Zitafute hizo pia kabla ya kufungua mauzo.