Maswali na majibu: Kinyume ni cha sentensi, si cha neno

Barua za wiki hii karibu zote zinatoka kwa watu wanaojiandaa na mtihani wa mchujo wa ajira za serikali, na nyingi zinahusu kipengele kimoja cha Kiingereza: unapewa neno, chini yake machaguo manne, uchague lililo kinyume chake. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja tu.

Mwalimu, shikamoo. Nimepata desa la maneno 1,000 na vinyume vyake, nimelitolea kopi steshenari. Mtihani uko wiki tatu mbele. Nikariri mangapi kwa siku ili nilimalize? – Msomaji, Ngarenaro

Marahaba. Usilimalize. Maneno 1,000 kwa siku 21 ni karibu 48 kila siku, na ya Jumatatu yatakuwa yamekutoka kabla ya Ijumaa. Lakini wingi siyo ubaya wake mkubwa. Desa la namna hiyo linaweka neno moja kushoto na moja kulia, kana kwamba kila neno limezaliwa na pacha wake. Kinyume kinaifuata maana ambayo neno limeibeba ndani ya sentensi. Maana ikibadilika, kinyume nacho kinabadilika.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Pita Soko la Kilombero uulize kinyume cha "mbichi". Muuza ndizi atakwambia mbivu. Muuza nyama atasema iliyopikwa. Wa kuni atasema kavu, na wa samaki atasema wa kukaushwa. Neno ni moja, vinyume ni vinne, na hakuna aliyekosea. Kiingereza kinaipa kila bidhaa neno lake: ndizi mbichi ni "unripe" na kinyume ni "ripe"; nyama ni "raw" na "cooked"; kuni ni "green" na "dry"; samaki ni "fresh" na "dried". Sasa mtu aliyekariri kwamba kinyume cha "fresh" ni "stale" amejifunza habari za mkate peke yake. Swali likitaja "fresh water" ameumia, kwa sababu maji ya Ziwa Duluti ni "fresh" na ya Ziwa Natron ni "salt", na hakuna maji yanayoitwa "stale" kwa maana hiyo.

"Kali" ni vilevile. Kisu kikali ni "sharp", kinyume "blunt". Mwalimu mkali ni "strict", kinyume "lenient". Mbwa mkali ni "fierce", kinyume "tame". Na "-refu" ndiyo inayowaangusha wengi: mtu mrefu ni "tall" na kinyume ni "short", kisima kirefu ni "deep" na kinyume ni "shallow", mlima mrefu ni "high" na kinyume ni "low". Mlima Meru wenye meta 4,566 ni "lower" kuliko Kilimanjaro wenye meta 5,895. Anayetafsiri kichwani ataandika "shorter".

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kaunta buku, piga safu nne: neno, sentensi fupi yenye neno hilo, kinyume chake katika sentensi hiyo, na safu ya mtego, yaani neno ambalo ungelichagua kwa makosa. Maneno 10 kwa siku, siku sita. Siku ya saba usiongeze kitu: funika safu ya tatu kwa karatasi, soma sentensi, jaza upya. Yaliyokushinda yaanze wiki inayofuata. Kwa wiki tatu utakuwa na maneno 180 unayoyamiliki. Anza na lugha ya ofisini, kwa kuwa unaomba kazi ya ofisini: "mandatory" na "optional", "provisional" na "final", "surplus" na "deficit", "comply" na "defy", "obsolete" na "current", "mitigate" na "aggravate". Sentensi utazipata kwenye magazeti ya Kiingereza, na maktaba ya mkoa inayo.

Kinyume cha "valuable" ni "invaluable", sivyo? – Msomaji, Kiboriloni

Sivyo. "Invaluable" ni chenye thamani isiyopimika. Kinyume cha "valuable" ni "worthless".

Na ulivyouliza hili, yajue na ndugu zake, maana watunga mitihani wanawapenda sana. "Inflammable", neno la malori ya mafuta, maana yake ni ileile ya "flammable": kinashika moto kwa urahisi. Kinyume cha yote mawili ni "non-flammable", na hapa kosa linaweza kuunguza mtu, siyo kupoteza alama tu. "Infamous" siyo asiyejulikana. Ni anayejulikana kwa ubaya. "Indifferent" siyo kinyume cha "different". Ni mtu asiyejali, na kinyume chake ni "concerned". "Disinterested" ni asiye na maslahi binafsi katika jambo, kama hakimu anavyopaswa kuwa, na kinyume chake ni "biased". Asiyevutiwa na jambo ni "uninterested".

Viambishi tamati navyo vina mtego. "Careful" na "careless" ni vinyume kweli. Lakini "helpful" ni anayesaidia, "helpless" ni asiye na wa kumsaidia. "Shameful" ni jambo la aibu, "shameless" ni mtu asiye na haya, na mara nyingi aliyefanya la kwanza ndiye wa pili. Hapo hakuna ukinyume wowote.

Nitajuaje neno linataka "un-", "in-", "im-" au "dis-"? Kuna kanuni? – Msomaji, Boma Ng'ombe

Ipo nusu ya kanuni. "In-" hubadilika kufuata herufi inayofuata: mbele ya p, b na m huwa "im-", kama "impossible", "imbalance", "immature", mbele ya l huwa "il-", kama "illegal", mbele ya r huwa "ir-", kama "irregular". "Un-" haibadiliki hata ikutane na nini: "unpaid", "unlawful", "unreal". Ukiona neno limeanza na p usikimbilie "im-", maana "unpopular" ipo na "impopular" haipo. "Dis-" ikae kwenye daftari, neno moja moja.

Nusu ya pili ndiyo inayokula alama. Yapo maneno ambayo kivumishi kinachukua "un-" na nomino yake inachukua "in-": "unable" lakini "inability", "unequal" lakini "inequality", "unjust" lakini "injustice", "unstable" lakini "instability". Yaandike haya manane usiku huu huu.

Naomba namba ya mtu anayeuza maswali ya mchujo. Nasikia yapo Moshi mjini. – Amejiita Mhitaji

Ombi hili linakuja kila mara na jibu halibadiliki: hapana. Anayekuuzia amekusanya karatasi za zamani, amezipiga picha, na pesa yako ikishaingia simu haipatikani tena. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yenyewe, na kuyasoma ni bure. Nauli ya kwenda kwenye usaili inakungoja, usimpe tapeli.

Mara nyingi nabaki na machaguo mawili na yote naona ni sahihi. Nichague lipi? – Msomaji, Sakina

Swali zuri kuliko yote ya wiki hii, na nitakaa nalo.

Kwanza angalia aina ya neno. Ukipewa "scarce", ambacho ni kivumishi, "abundance" haiwezi kuwa jibu kwa sababu ni nomino. Jibu ni "abundant". Ukaguzi huu unakula sekunde mbili.

Pili pima kiwango. Maneno mengi yanakaa kwenye ngazi, na kinyume kinakaa ngazi ileile upande wa pili. "Boiling" na "freezing" wako juu kabisa, "hot" na "cold" wako katikati, "warm" na "cool" wako chini. Chai ikiwa "hot", jibu ni "cold", hata kama "cool" ipo pale inakutazama. "Always" anakwenda na "never". "Often" anakwenda na "seldom". "Love" na "hate". "Like" na "dislike". Anayechanganya ngazi anakosa swali ambalo maneno yake yote anayajua, na hiyo inauma zaidi kuliko kukosa neno geni.

Tatu, uliza neno linazungumzia nini hasa. Chukua swali hili: "The officer was candid about the shortage of medicine." Machaguo: A "frank", B "evasive", C "angry", D "dishonest". A ni kisawe, na amewekwa wa kwanza makusudi ili anayekimbia amdake, kwa kuwa kichwa kikiona neno linalofanana na lililoulizwa hufurahi na kusahau kwamba kimeulizwa kinyume. C haihusiki. Wanabaki B na D. "Dishonest" ni mtu asiye mwaminifu katika mambo yake, hata wizi umo. "Candid" ni habari ya kusema wazi bila kuficha. Anayekwepa kusema wazi ni "evasive". Jibu ni B.

Kabla hujatia wino, lirudishe jibu lako kwenye sentensi uisome yote. Afisa alikuwa "evasive" kuhusu upungufu wa dawa: inakaa. Barabara ya kijijini ni "rough", weka "smooth": inakaa. Makadirio ni "rough", weka "smooth": haikai, hapo inatakiwa "exact". Na ukipewa neno tupu bila sentensi, itunge mwenyewe kichwani kabla ya kutazama machaguo.

Kinyume cha "borrow" ni "return" au "lend"? – Msomaji, Himo

"Lend". Tunachanganyikiwa kwa sababu mtaani "kuazima" inafanya kazi pande zote mbili: niazime kalamu, nimeazima kalamu. Fikiria kopa na kopesha, utakuwa salama.

Nisipojua jibu, nibahatishe au niache wazi? – Msomaji, Pasua

Soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza, ambayo wengi wenu mnayaruka. Kama hayasemi kwamba kosa linakatwa alama, usiache hata swali moja wazi.

Kama yanasema, piga hesabu. Vitabu vingi vya mazoezi mnavyotolea kopi vimetungwa kwa ajili ya mitihani ya India. Kule, kwenye hatua ya kwanza ya SSC CGL, mtihani wa kuajiri wahitimu wa vyuo serikalini, kuna maswali 100 kwa dakika 60, yaani sekunde 36 kwa swali. Kila jibu sahihi ni alama 2 na kila kosa linakata nusu alama. Tuseme maswali 12 yamekushinda kabisa. Ukiyapiga ana ana ana doo, kwa wastani utapata 3, yaani alama 6, na makosa 9 yatakata 4.5. Unabaki na 1.5. Ukiweza kuondoa chaguo moja baya kwa kila swali, utapata 4, alama 8, ukatwe 4, ubaki na 4. Ukiondoa mawili, unabaki na 9. Lakini pale ambapo swali ni alama 1 na kosa linakata theluthi moja, kubahatisha bila kuondoa chochote kunakupa sifuri kamili. Basi usichukue tabia ya kitabu cha nchi nyingine ukaipeleka kwenye chumba cha mtihani cha kwetu.

Na kuondoa chaguo baya hakuhitaji ujue kila neno. Mzizi unatosha. "Bene-" ni wema, "mal-" ni ubaya: "benevolent" na "malevolent". "Hyper-" ni kuzidi, "hypo-" ni kupungua: presha ya kupanda ni "hypertension", ya kushuka ni "hypotension", na kila familia ina mtu anayeijua moja ya hizo.

Ni programu gani ya simu nzuri kwa vinyume? – Wengi

Yoyote inayokupa sentensi. Inayokupa neno tupu ifute.

Binti yangu anajiandaa na mchujo. Nimemkataza Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kimkae. Nimefanya vema? – Mama, Majengo, Moshi

Hapana, mama, na naomba umwondolee katazo hilo leo. Tofauti kati ya "mbichi" ya ndizi na "mbichi" ya nyama ataiona kwa lugha anayoiota. Akinyang'anywa lugha hiyo, atabaki na desa.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili kinamfundisha bure. "Un-" ya Kiingereza ina kazi mbili. Kwenye kivumishi inakanusha: "unhappy" ni asiye na furaha. Kwenye kitenzi inafumua kilichofanyika: "unlock" siyo kutofunga, ni kufungua. Wanafunzi wengi duniani wanahangaika na tofauti hii. Mswahili anayo mdomoni tangu utotoni: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, funika na funua, pakia na pakua.

Jioni moja mkae wawili jikoni, mwandike kila kitenzi mnachokijua cha namna hiyo, kisha binti atafute Kiingereza chake. "Tie" na "untie", "fold" na "unfold", "load" na "unload", "cover" na "uncover" vitakuja vyenyewe. Kwenye kuvaa kofia na kuvua kofia atakuta "un-" imeachwa nyuma, Kiingereza kinasema "put on" na "take off". Na akifika kwenye anika na anua, atafute kwa subira: Kiingereza hakina neno moja la kuanua nguo, kinalazimika kusema kwamba umeziingiza ndani.