Port Louis Mbili: Ushauri kwa Anayekwenda Bretagne Kumtafuta Babu Aliyehama

Bibi yangu, aliyezaliwa Mahé huko Shelisheli na kuolewa Mombasa, alikuwa akituambia kwamba mzungu wa kwanza katika ukoo wetu alizaliwa Port Louis. Sote tuliamini kwamba alikusudia mji mkuu wa Morisi, na kwa miaka mitatu nilipekua madaftari ya ubatizo ya kisiwa hicho bila kumwona. Nilipopata taarifa ya maziko yake, iliyoandikwa na padri mwaka 1789, ndipo niliposoma kwamba marehemu alikuwa mzaliwa wa Port-Louis, jimbo la kanisa la Vannes, Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Kumbe zipo Port Louis mbili, na yetu ilikuwa ile ndogo, iliyo kwenye mlango wa bahari mkabala na mji wa bandari wa Lorient.

Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba usikate tiketi kabla hujaijua parokia. Jina la ukoo peke yake halitakufikisha popote. Sisi tulirithi jina Le Bihan, ambalo kwa Kibretoni maana yake ni "mdogo", na Bretagne nzima imejaa watu wenye jina hilo wasiohusiana kabisa, kama ambavyo kwetu huwezi kumtafuta mtu kwa kuuliza tu kwa kina Juma. Parokia hupatikana zaidi katika taarifa za ndoa na za maziko za kule alikohamia, kwa kuwa mapadri walikuwa na desturi ya kutaja mahali mgeni alikotoka. Amri ya kifalme ya Juni 1776 iliagiza nakala za kumbukumbu za makoloni zipelekwe Ufaransa, na nakala hizo sasa zinatunzwa katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa.

Ukishaijua parokia, kazi kubwa unaweza kuifanya ukiwa nyumbani. Madaftari ya kanisa ya Morbihan, mkoa wa Bretagne ambamo Port-Louis imo, ambayo asili yake iko katika hifadhi ya nyaraka ya Vannes, yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Yameandikwa kwa Kifaransa, ingawa waumini wengi walizungumza Kibretoni, na ndiyo maana jina moja huandikwa Le Bihan ukurasa huu na Bihan ukurasa unaofuata. Faraja ni kwamba mwanamke aliyeolewa huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, jambo lililonirudisha nyuma vizazi viwili kwa upande wa akina mama.

Orodha za mabaharia wa Kampuni ya Mashariki ya Ufaransa, iliyofanya biashara na Bara Hindi na Uchina, nazo zimo mtandaoni, na humo hadithi ya familia yetu ilipata pigo. Tuliambiwa kwamba mzee wetu alikuwa nahodha. Orodha ya merikebu iliyoondoka Lorient mwaka 1768 inamtaja kama mtoto wa kazi, mwenye umri wa miaka 13 na mshahara mdogo kuliko wote, na pembeni karani ameandika neno moja: ametoroka. Mjomba wangu mpaka leo anasema huyo ni mtu mwingine.

Safari yenyewe nilianza kwa kosa, kwani nilifika tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, siku ambayo ofisi zote za Ufaransa hufungwa. Kosa la pili lilikuwa kutarajia mengi kutoka Lorient. Mji huo ulizaliwa mwaka 1666 kutokana na karakana ya merikebu za Kampuni, lakini ndege za Waingereza na Wamarekani ziliuteketeza karibu wote mwanzoni mwa 1943, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamejenga humo kituo cha nyambizi. Mitaa utakayoiona ni ya baada ya vita. Panda boti ya abiria uvuke hadi Port-Louis, ambako ngome iliyoanzwa na Wahispania mwishoni mwa karne ya 16 bado inatazama mlango ambao kila merikebu ya Kampuni iliyotoka Lorient ilipitia. Tembea juu ya kuta zake maji yakiwa yamekupwa. Wafaransa huipa nguvu ya maji namba kuanzia 20 hadi 120. Ukiona 95 au zaidi, hiyo ndiyo bamvua, na ukiona chini ya 45, ni maji mafu. Usiende mbali ufukweni bila kusoma namba hizo. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu chakula, mkate wao mwembamba wa ngano nyeusi unafanana na chapati za maji, ila mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe, hivyo asiyeila na aulize mapema. Mimi nilikunywa nao maziwa yao ya mtindi, nikajiona nimefika kwa shangazi.

Ndani ya ngome ile mna makumbusho ya Kampuni, yenye vyombo vya Uchina, vitambaa vya Bara Hindi na mifano ya merikebu. Itengee nusu siku, na usiingie ukitafuta fahari tu, kwa maana Kampuni hiyo ilisafirisha watumwa pia. Mama wa watoto wa mzee wetu hakuweza kuolewa naye, kwa kuwa sheria ya 1723 ilikataza ndoa kati ya weupe na weusi huko Morisi na visiwa jirani vya Ufaransa. Katika ubatizo wa mtoto wao, baba ana parokia na jimbo. Mama ana jina moja la ubatizo na neno "Mozambique", ambalo makarani walimwandikia karibu kila mtu aliyeletwa kutoka pwani yetu. Mwaka 1776 Morice, Mfaransa mfanyabiashara wa watumwa, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, sarafu za fedha za wakati huo, kila mmoja. Huenda mama huyo alitoka Kilwa, huenda alitoka bara ya mbali. Mwaka ujao nitakwenda Kilwa Kisiwani, na safari hiyo nimeipanga kwa jedwali la maji tu, kwani upande wa mama huyo hakuna daftari la kufungua.