Jibu: Taa ya UV kwa chumba cha tuisheni, Ngamiani

Dada, umeuliza kama ile taa ya zambarau ya kukagulia noti itaua virusi hewani kwenye chumba chako cha tuisheni. Haitaua kitu. Hiyo hutoa UV-A, aina dhaifu ya mionzi ya urujuanimno (UV), yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 365. Inayoharibu virusi ni UV-C, aina kali zaidi yenye wimbi fupi. Taa za zebaki za kazi hiyo hutoa nanomita 254.

Ila usije ukainunua ukaining'iniza juu ya vichwa vya watoto! UV-C huunguza ngozi na macho, tena maumivu huja baada ya saa kadhaa: usiku macho yanachoma kama yametiwa mchanga. Taa yenyewe hufungwa ukutani, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, na ina vibao vyembamba vinavyoelekeza mwanga juu tu. Hewa ikipanda ndipo inasafishwa, kwa hiyo feni lazima izunguke. Mtafiti wa Marekani William Wells alizifunga taa hizi kwenye shule za eneo la Philadelphia kuanzia 1937, na mlipuko wa surua wa 1941 ukawapata wanafunzi wachache zaidi kwenye madarasa hayo. Dari yako ikiwa fupi, sahau.

Kwa Tanga, mimi ningeanza na madirisha. Hayo uliyoyaziba kwa makabati yazibue kwanza, upepo wa bahari hauna bili ya umeme.