Mazungumzo baina ya makundi chuoni: usianze na mada moto

Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianzisha mpango wake wa mazungumzo baina ya makundi, yaani vikao vya wanafunzi wa makundi tofauti ya kijamii kama weusi na weupe, mwaka 1988, baada ya matukio ya ubaguzi wa rangi kukitikisa. Mwanasosholojia Mark Chesler ni mmoja wa walioujenga. Utaratibu wake umeigwa na vyuo vingine nchini humo, na wanaoshindwa kwa kawaida ni wale waliotaka njia ya mkato.

Anza na idadi: washiriki 12 hadi 16, nusu kutoka kila kundi. Mwanafunzi mweusi akiwa peke yake kati ya weupe kumi, hageuki mshiriki bali msemaji wa rangi yake. Uwiano usipopatikana, ahirisha.

Wawezeshaji wawe wawili, mmoja kutoka kila upande, na wapewe mafunzo mapema. Mhadhiri hodari si lazima awe mwezeshaji hodari. Wengi hawavumilii kimya, wanakijaza kwa mhadhara.

Kikao ni saa mbili au tatu kila wiki, kwa sehemu kubwa ya muhula. Hatua ni nne: kufahamiana na kukubaliana masharti; kuchambua nani amekulia nafasi gani katika jamii; mada moto; kisha kupanga la kufanya pamoja. Wenye haraka huanza na ya tatu, wakavuna mdahalo: kila mtu anatetea upande wake, hakuna anayeuliza swali.

Katika hatua ya pili, panga maduara mawili ya viti, kundi moja ndani na jingine nje. La ndani lizungumze kama dakika 20, la nje lisikilize bila kujibu neno. Kabla ya kubadilishana, walio nje waseme walichosikia, si wanachofikiri. Hapa mwezeshaji awe mkali: anayeanza na "lakini" akatizwe palepale.

Hatari nyingine ni machozi. Mweupe akilia kwa kusikia habari za ubaguzi, kikundi kizima humgeukia kumbembeleza, na aliyekuwa akisimulia anasahaulika. Tambua hisia hizo kwa sentensi moja, kisha mrudishie msimuliaji nafasi yake.

Kozi ikiwa na alama, zitolewe kwa mahudhurio na tafakuri za kila wiki, kamwe si kwa msimamo. Mwanafunzi akihisi maoni yake yanasahihishwa, ataandika unachopenda kusoma, nawe hutajua anachoamini.