Sarafu ya fedha yenye ua la Ontario: usiisugue

Ndugu muulizaji, umeuliza kama sarafu yako ya fedha ya Kanada, yenye ua la jimbo la Ontario, inaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno ili weusi uliojitokeza ukingoni uondoke. Tafadhali usifanye hivyo. Weusi huo hutokana na fedha kukutana na salfa iliyomo hewani, nao ni utando mwembamba tu juu ya uso, ilhali dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza madini yenyewe na kuacha mistari isiyofutika, na mkusanyaji yeyote makini ataitambua mara moja na kushusha bei.

Ua hilo, triliamu nyeupe yenye petali tatu, lilifanywa nembo ya Ontario mwaka 1937, baada ya wazo lililoanza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia la kupata ua la kupandwa kwenye makaburi ya askari wa Kanada waliofia ng'ambo. Kwangu mimi historia hiyo ndiyo inayoipa sarafu uzito, kuliko hata gramu zake.

Ishike kwa ukingo, iache ndani ya kasha lake pamoja na cheti, na usiifunge kwa mpira wala kuiweka kwenye mifuko laini ya PVC (aina ya plastiki), kwa maana vitu hivyo huharakisha kuharibika kwa fedha.