Mashine ya maji ya bahari kwenye boti ya Ziwa Tanganyika: taa ni ya kijani, maji yamepungua

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya kupeleka wageni Gombe na Mahale, naegesha Kibirizi hapa Kigoma. Nimenunua mashine iliyotumika ya kutengeneza maji ya kunywa, ilitolewa kwenye boti ya tanga huko pwani. Kibao chake kinasema lita 60 kwa saa kwa presha ya bar 55. Tulipoifunga tulikaza valvu mpaka sindano ya geji ya presha ikafika 55, ikatoa lita 120 na zaidi kwa saa, tukafurahi. Sasa hata lita 40 haifiki, sindano inatetemeka na pampu inagonga. Taa ya kijani ya maji salama inawaka muda wote, ila safari iliyopita wageni wawili waliumwa tumbo. Fundi wetu wa injini anasema membreni, ule utando wa ndani unaochuja chumvi, imekufa, ninunue mpya. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Membreni usinunue kwanza. Na kuanzia leo mtu asinywe maji ya tangi hilo bila kuchemshwa, kwa sababu kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako si pampu, ni hiyo taa.

Taa hiyo inaongozwa na kihisio kinachopima chumvi peke yake. Hakijui vimelea, hakijui mafuta. Mashine nyingi za baharini hupangwa ziwashe kijani chumvi ikiwa chini ya miligramu 500 hivi kwa lita. Maji ya bahari yana takriban miligramu 35,000 kwa lita, kwa hiyo kule oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji, ikivuja kidogo tu, chumvi inaruka na taa inabadilika. Ziwa Tanganyika lenyewe lina miligramu 400 na kitu. Ukichota ndoo ya maji ya ziwa ukayapitisha kwenye kihisio hicho, taa itawaka kijani. Kwa maneno mengine, mashine yako inaweza kuwa inapitisha maji ya ziwa moja kwa moja hadi tangini na taa isikuambie kitu. Kigoma tunaijua kipindupindu, hilo si la kulichukulia kwa wepesi.

Tafuta kipima chumvi cha mkononi, ni cha bei nafuu. Pima maji ya ziwa, andika namba. Kisha pima yanayotoka kwenye mrija wa membreni kabla hayajaingia tangini. Membreni ya bahari iliyo nzima huzuia chumvi kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo ziwa likisoma 420, maji ya mashine yanatakiwa kusoma chini ya 10. Yakisoma 100 au 200, kuna mahali maji yanapita pembeni bila kuchujwa, na palipopita chumvi kwa njia hiyo na bakteria hupita. Hiyo ndiyo taa yako mpya: tofauti kati ya namba mbili. Pima kila safari.

Namba ikiwa mbaya, anza na oringi kabla ya kulaumu membreni. Fungua kifuniko cha bomba la presha, vuta membreni, uangalie oringi ndogo zinazokaa kwenye mrija wa katikati. Mashine iliyosafirishwa kutoka pwani hadi Kigoma imetikiswa vya kutosha, na mara nyingi utakuta moja imekatika au imekunjwa. Weka mpya, upake gliserini au grisi ya silikoni. Fundi wako wa injini atataka kupaka grisi ya gari, mkatalie. Huvimbisha mpira wa oringi nyingi, na mafuta yakifika kwenye membreni hayatoki. Ukiwa umefungua, tazama na ile sili pana ya nje yenye mdomo: mdomo uelekee upande maji yanakoingilia. Ikiwekwa kinyume, maji hupita nje ya membreni badala ya ndani, na uchafu unaganda haraka.

Sasa pampu. Pampu inayogonga huku sindano inatetemeka ni pampu yenye njaa: haipati maji ya kutosha, au inavuta hewa. Chomoa hosi ya kuvuta, itumbukize kwenye ndoo kubwa ya maji safi, washa huku valvu ya presha ikiwa wazi kabisa. Kugonga kukikoma, tatizo liko kati ya tundu la kuingizia maji na pampu. Badilisha filta zote mbili, ya mikroni 20 na ya mikroni 5. Safisha na chujio la mwanzo. Ukiwa Kibirizi, penye dagaa, sabuni na utando wa petroli juu ya maji, filta mpya haidumu. Kisha tazama kikombe cha filta, kama ni cha kuonyesha ndani: mapovu yakipita ndani yake mfululizo, kuna klipu iliyolegea au oringi ya kifuniko imechoka. Hewa inaingia hapo hata kama maji hayavuji nje, kwa kuwa upande huo unavuta.

Isipokoma hata kwa ndoo, angalia oili ya pampu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili zimeruhusu maji kuingia. Ikiwa safi, valvu ndogo za ndani ya kichwa cha pampu ndizo za kufungua. Usiiendeshe hivyo hivyo eti kwa sababu bado inatoa maji kidogo, utaua na beringi zake.

Sasa lile lililowafurahisha. Lita 120 kutoka kwenye mashine ya lita 60 ndiyo iliyowaponza. Baharini, bar 27 hivi za presha zinatumika kushinda nguvu ya chumvi tu kabla tone moja halijapita. Kinachobaki ndicho kinachosukuma maji. Ziwani nguvu hiyo haifiki hata bar moja. Ukikaza mpaka 55, unasukuma maji kwenye membreni kwa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na kila kilichomo, matope, mwani, utelezi, kinakandamizwa juu ya utando mpaka kinashikamana. Kwa hiyo ziwani sahau alama ya 55 kwenye geji. Fungua valvu yote, washa, kaza taratibu huku ukipima kwa chombo na saa, na uishie pale zinapotoka lita 60 kwa saa, yaani lita moja kwa dakika. Kwa membreni nzima nategemea sindano iwe bar 20 hadi 25. Zikitoka kwa presha ndogo zaidi, hapo hapo simama.

Baada ya pampu kutulia, pima tena. Presha ikipanda vizuri, chumvi ikiwa ndogo, ila maji bado kidogo, membreni imeziba na inaoshwa. Anza na dawa ya alkali ya kuoshea membreni, inaondoa utelezi na mwani. Suuza kabisa. Halafu asidi ya sitriki, gramu 20 kwa lita, kwa magamba ya chokaa. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, chokaa hujenga. Zungusha kwa presha ndogo kabisa, valvu wazi, na maji yote ya dawa yakinge kwenye chombo uyatoe nje ya boti, yasiingie tangini. Usianze na asidi, inagandisha uchafu wa viumbe. Chumvi ikibaki juu hata kwa oringi mpya, hapo fundi wako atakuwa sahihi, nunua.

Kila ukimaliza kazi, suuza mashine kwa maji yake yenyewe uliyohifadhi, lita 20 hivi, na boti ikikaa, rudia kila wiki; joto letu hukuza utelezi ndani ya siku chache. Usitumie maji ya bomba yenye klorini bila filta ya mkaa, klorini hula membreni na haiponi. Boti ikipandishwa nchi kavu kwa muda mrefu, jaza sodiamu metabisalfaiti, gramu 10 kwa lita. Ukiirudisha kazini, mwaga maji ya saa ya kwanza.

Ungeniuliza kabla ya kununua, ningekwambia ziwani mashine hii si ya lazima: filta nzuri na taa ya miale ya urujuanimno, inayoua vimelea, zingekutosha, kwa umeme mdogo wa betri. Hiyo taa nakushauri uifunge hata sasa, kati ya tangi na bomba la kunywea.

Tangi lenyewe lioshe kwa klorini kabla ya safari nyingine, lakini kwanza chomoa mrija wa kusuuzia unaorudi kwenye membreni. Ukishapima, niandikie namba tatu: chumvi ya ziwa, chumvi ya mashine, na presha inapotoa lita moja kwa dakika.